Riwaya ya upelelezi hapa Uganda unaitoa wapi? Angalia mahali, angalia shida za watu, alafu angalia nani ananyamaza

Kila nikikaa na vijana wanaojaribu kuandika hadithi kwa Kiswahili hapa Uganda nasikia maneno yale yale, eti riwaya ya upelelezi kwetu haiwezekani. Sababu ziko nyingi. Polisi wetu hawana zile maabara za kwenye filamu, miji yetu midogo, mtu akifa watu watasema karogwa na kesi imeisha, na ile kubwa kabisa ni kwamba kijijini kila mtu anajua nani kafanya, sasa fumbo litatoka wapi?

Hiyo ya mwisho ndo naipenda, manake anayeisema ameshika hazina mkononi na hajaiona. Ndiyo, kijijini watu wanajua. Lakini kujua ni kitu kingine na kusema ni kitu kingine, na katikati ya hivyo viwili ndo riwaya nzima inaingia.

Tuweke maneno sawa kwanza ndo tusichanganyane mbele. Riwaya ya upelelezi ni hadithi ambayo kuna jambo limefichwa, mara nyingi kifo lakini si lazima, inaweza kuwa mtoto aliyepotea au pesa za kikundi cha akina mama zilizoyeyuka, na kuna mtu analitafuta hilo jambo, na msomaji anatafuta pamoja naye. Mshukiwa ni yeyote ambaye angeweza kufanya. Kidokezo ni kile kitu kidogo kinachoelekeza kwenye ukweli, na sharti lake ni kwamba msomaji akione kabla ya mwisho, ukikificha mpaka ukurasa wa mwisho umemwibia. Alafu kuna kidokezo cha kupotosha, hiki kinawasumbua wengi, ila ukienda pale taksi paki Kampala utakielewa mara moja: unaingia kwenye taksi unaona imejaa, unalipa, unakaa, alafu mmoja mmoja wale uliowakuta wanashuka, kumbe si abiria, wamewekwa pale gari lionekane linaondoka. Walikuwa watu wa kweli, wamekaa kwenye viti vya kweli, ila safari yako hawamo. Kidokezo cha kupotosha kiwe hivyo hivyo, kiwe kitu cha kweli chenye sababu yake, si uongo wa mwandishi.

Sasa tuje kwenye mahali. Wengi wakisikia mandhari wanafikiria kuchora, wanaanza na jua linazama ziwani, ndege wanaruka, kurasa tatu zimeisha hakuna kilichotokea. Kwenye upelelezi mahali pana kazi moja kubwa, kupunguza watu: nani angeweza kuwa pale saa ile, nani angemwona, nani asingeruhusiwa kuingia. Kwa hiyo ukifika mahali usiulize panapendeza vipi, uliza pana sheria gani.

Chukua mwalo wowote wa ziwa Victoria, upande wa Busia au Mayuge au Kalangala. Wavuvi wa mukene, yaani dagaa, wanavua usiku kwa taa, taa inawaita wale samaki wadogo juu, na inafanya kazi vizuri giza likiwa totoro. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, mbingu yote ni taa, kwa hiyo wanapumzika, wanashona nyavu, wanakunywa, wanalala. Kila mtu wa mwaloni analijua hili wala halisemwi. Sasa weka mtu aseme kwamba usiku ule aliofia mwenzake yeye alikuwa ziwani anavua mukene, na sura mbili nyuma ulishamwambia msomaji kwamba usiku ule mtoto alikuwa anacheza nje na kivuli chake. Umemaliza. Hakuna maabara, hakuna alama za vidole, kuna mwezi tu, na msomaji wa Kampala hatashtuka ila yule wa mwaloni Majanji atashika kichwa.

Na asubuhi kuna akina mama wanaoanika. Wanafika mapema kumwaga mukene juu ya nyavu au moja kwa moja kwenye mchanga, na bei inategemea hapo, manake ile iliyoshika mchanga inaishia kuwa chakula cha kuku. Wale mama wanajua mtumbwi gani umerudi na nani ndani, wanajua nani karudi bila samaki, na hakuna anayewauliza kwa sababu wanaonekana wako bize na samaki. Mpelelezi wako yuko pale tayari, wewe unamtafuta inspekta mwenye koti refu.

Mahali pengine sheria yake ni ya muda tu, inakuja inaondoka. Machi 2020 korona ilipoingia tuliwekewa kafyu kuanzia saa moja jioni mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, magari binafsi yakazuiwa, bodaboda ikawa ya mizigo tu, na gari likitembea lazima liwe na stika au kibali cha RDC, yule mwakilishi wa rais wilayani. Watu wanaulizana kwa nini Uganda hatuna ile hadithi ya chumba kilichofungwa, yaani mtu kauawa ndani na mlango umefungwa, wakati sisi tumeishi kwenye chumba kilichofungwa nchi nzima. Mtu akikutwa amekufa saa nne usiku kilomita kumi kutoka kwao, basi aliyemfikisha hapo alikuwa na stika, au alipita njia ambayo wenyeji tu wanaijua, au alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wanasimamisha wenzao barabarani. Hivyo hivyo Januari 2021 wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa siku kadhaa, hakuna Whatsapp, na mobail mani nayo ikasumbua. Ujumbe unaodaiwa kutumwa Whatsapp siku zile haukutumwa. Hizo tarehe zinajulikana na kila mtu mzima anazikumbuka, huhitaji kumfundisha msomaji.

Mpaka wa Busia nao una sheria yake. Kuna kituo kimoja cha pamoja kilichofunguliwa rasmi 2018, unapigiwa mihuri yote sehemu moja, na pembeni yake kuna njia za panya ambazo mtu anavuka na kreti ya mayai kichwani kila siku. Mamlaka ya polisi wa Uganda yanaisha kwenye mstari, maneno hayaishi, deni haliishi, undugu hauishi. Simu inashika mtandao wa Kenya ukiwa bado umekaa kwenye kiti chako Uganda. Hapo mwandishi ana mtu aliyekimbia mita mia tatu na amekuwa mbali kuliko aliyekimbilia Gulu, kule kaskazini.

Kuna mahali pengine napataja kwa haraka tu lakini naona mtu afike pale aandike. Kilembe, juu ya Kasese. Mgodi wa shaba ulianza kutoa shaba 1956, reli ikafika Kasese mwaka huo huo, watu wakaja kutoka kila kona na ndo sababu moja Kiswahili kimekaa Kasese vizuri, alafu mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji ukasimama. Mashimo yapo, nyumba za wafanyakazi zipo. Mto Nyamwamba ukafurika vibaya 2013, tena 2020, ukabeba nyumba na kuharibu hospitali. Mto unaochimbua vitu vilivyozikwa, ndani ya mji uliojengwa juu ya mashimo, mimi sioni kwa nini mtu aende kutafuta London.

Basi mahali pamekupa nani angeweza. Bado hujapata kitu cha pili, kwa nini watu hawasemi, na hiki kinatoka kwenye shida za jamii. Hapa ndo watu wanakosea sana, wanafikiri shida ya jamii kazi yake ni kumpa muuaji sababu ya kuua. Yaani umaskini, akaua, ardhi, akaua. Muuaji anahitaji sababu moja tu na hiyo utaipata. Kazi ngumu kwenye riwaya ya upelelezi ni wale wengine kumi ambao hawakuua, na wote wanadanganya. Kwa nini mtu asiye na hatia adanganye? Ukijibu hilo vizuri kitabu kinasimama, usipojibu msomaji anaona kabisa wahusika wananyamaza kwa sababu mwandishi amewaambia wanyamaze.

Rudi mwaloni uone. Mwaka 2017 jeshi liliwekwa ziwani kuzuia uvuvi haramu, na samaki wanapimwa, sangara, ile tunayoita mputa, wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi. Nyavu haramu zikachomwa, mitumbwi midogo ikachomwa. Alafu upande mwingine kuna mabondo ya sangara, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwake, yanayokwenda China kwa bei inayoshinda nyama yenyewe. Sasa mtu amekufa usiku na asubuhi askari anauliza nani alikuwa ziwani. Wavuvi sita walikuwepo, wote na nyavu ambazo hazitakiwi, wote watasema walikuwa wamelala, na wake zao watasema hivyo hivyo, na mnunuzi wa mabondo atasema hajafika wiki hii. Una waongo kumi na watatu na muuaji mmoja, na kila mwongo ana watoto wa kulisha. Hujamhubiria mtu kuhusu sera ya uvuvi hata neno moja na msomaji ameielewa kuliko angesoma ripoti.

Ardhi ndo nitakaa kidogo, manake hii ni ya kwetu kabisa na wengi wanaikwepa wakidhani ni ngumu. Kwa kifupi kabisa, Buganda kuna ardhi ya mailo iliyotokana na mkataba wa 1900, machifu na watu wa kifalme wakagawiwa ardhi ambayo tayari ilikuwa na watu juu yake. Mpaka leo shamba moja linaweza kuwa na wenyewe wawili, mmoja ana hati ya mailo na mwingine ana kibanja, anaishi pale, amezika wazazi pale, na analipa busuulu ambayo ni pesa kidogo ya mwaka. Sheria ya ardhi ya 1998 inamlinda mwenye kibanja, na marekebisho ya 2010 yakasema hafukuzwi bila amri ya mahakama, na sababu iwe moja tu, kutolipa busuulu. Mwenye kibanja akitaka kuuza anatakiwa apate kibali cha mwenye mailo, na kama ni ardhi ambayo familia inaishi juu yake mwenzi wake lazima akubali. Hayo matatu tu ukiyashika yanatosha kuandika vitabu vitano.

Hebu nijenge mmoja hapa wa kubuni muone inavyoungana. Mzee wa Mukono amefariki, tuseme mwanzoni mwa 2017, ghafla. Baada ya matanga anakuja mtu na karatasi inasema mzee alimuuzia kibanja Oktoba iliyopita. Karatasi yenyewe imechanwa kwenye daftari la shule kama kawaida yetu, ina muhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ina mashahidi wawili, na chini kuna dole gumba la mke wa mzee, kwamba alikubali. Mke anasema sikuweka dole. Anaulizwa siku hiyo ulikuwa wapi, ananyamaza. Kila mtu anaanza kumwangalia yeye.

Kwa nini anyamaze? Kwa sababu Oktoba 2016 alikuwa Saudi Arabia kwa kazi za ndani. Na Januari ya mwaka huo serikali ilikuwa imezuia kupeleka wafanyakazi wa ndani kule, zuio likaja kuondolewa 2017, kwa hiyo yeye alivukia Busia akapandia ndege Nairobi. Aliyempeleka ni kaka wa mume. Mzee aliwaambia watu mke wangu amekwenda kumuuguza mama yake, kwa aibu tu, hakutaka ijulikane mke ndo analisha nyumba. Mwenyekiti wa LC naye alipiga muhuri bila kumwona mke, akachukua chai yake, hawezi kusema. Jirani anajua yote lakini kibanja chake kina karatasi ya namna ile ile na akifungua mdomo watakuja kuiangalia ya kwake. Mnaona? Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyeua. Kila mmoja amekaa juu ya kipande chake cha ukweli kwa sababu yake mwenyewe, na sababu hizo hukuzitunga, zimetoka kwenye nchi.

Na kidokezo? Daftari. Sura ya pili mtoto anafanya hesabu zake na nyuma ya daftari kuna namba ndefu inaanza na 966, msomaji anaiona anapita, anadhani ni hesabu. Hiyo ni namba ya simu ya Saudi Arabia, mtoto aliandikiwa ampigie mama. Alafu karatasi ya mauziano, mistari yake na lile pindo lililochanika vinakaa sawasawa na ukurasa unaokosekana kwenye daftari lile lile. Kwa hiyo iliandikwa ndani ya nyumba ile, na mtu aliyekuwa anaingia humo mama akiwa hayupo. Hapo unahitaji mpelelezi gani? Mwalimu wa mtoto anatosha, yeye ndo anayesahihisha madaftari.

Kuna mambo mengine watu wanayashika vibaya, niyaguse.

La uchawi kwanza. Wanasema msomaji wa Kiafrika ataridhika na jibu la uchawi. Si kweli, na pia ni kutuonea. Sheria ya uchawi ipo tangu 1957 na watu wanashtakiana kweli, lakini angalia anayetuhumiwa ni nani, mara nyingi utakuta ni mjane, ni mzee asiye na mtoto karibu, na ana kipande cha ardhi. Tuhuma ya uchawi iweke mwanzo wa kitabu, mpelelezi aulize nani aliianzisha na siku gani. Kuiweka mwisho iwe jibu ni uvivu.

La pili, kuchukua kesi ya kwenye habari ukabadilisha majina. Hapa naomba sana. Kila wiki tunasikia mtu ameuawa na kuna mtu ameshaanza kuandika sura ya kwanza kabla ya mazishi. Yule marehemu ana mama yake, na mama anasoma, au anasomewa. Usichukue mtu, chukua jinsi jambo lilivyowezekana. Kama kesi ilitokea kwa sababu laini ya simu ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, hiyo laini chukua, ipeleke wilaya nyingine, miaka mingine, watu wengine kabisa. Ukitaka kujua watu wanadanganyana vipi hasa, hukumu za mahakama za Uganda zinasomwa bure kwenye mtandao wa ULII, kesi za ardhi pale zina mashahidi wanaojipinga wenyewe kwa namna ambayo hakuna mwandishi angetunga. Zisome ujue namna, si ili unakili majina.

La tatu, kwamba bila polisi hodari hakuna upelelezi. Kwanza sheria yenyewe inakupa saa inayogonga: katiba ya 1995 inasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Mtu asiye na hatia kakamatwa Ijumaa jioni, dada yake ana mpaka Jumapili jioni kumtafuta anayejua. Hiyo ni riwaya, na polisi hajafanya chochote. Pili, mpelelezi mzuri hapa kwetu ni yule ambaye kazi yake inamfanya asikie bila kuuliza, ejenti wa mobail mani anayeona jina linalotokea pesa ikitumwa, bodaboda wa steji, muuza chai wa mahakamani, karani wa mochari.

Na hili la kuhubiri. Ukiona mhusika wako amesimama anaeleza tatizo la ajira kwa vijana nusu ukurasa, futa. Watu wenye shida hawaielezi shida yao, wanaizunguka. Yule mama wa Mukono hatasema neno juu ya waajiri wake wa Riyadh, atakataa tu kuvua viatu mbele za watu, na mwalimu ataliona hilo.

Kitu cha mwisho ambacho naona waandishi wa Kiswahili wa Uganda tunacho na wenzetu wa Tanzania na Kenya hawana ni Kiswahili chenyewe. Kwetu hakijakaa kila mahali sawa. Kipo Arua, Bombo, Kasese, mipakani, sokoni, kambini. Na Buganda kuna wazee wengi waliokisikia kwanza mdomoni mwa askari au wa mwizi wa usiku, kwa hiyo mpaka leo kinawakunja uso. Ukiandika kitabu kizima kila mhusika anaongea Kiswahili laini cha darasani umejinyima, manake nani anaongea Kiswahili, nani anakisikia na kujifanya hasikii, hiyo ni habari tayari. Weka bibi wa Luwero ambaye wajukuu hawajawahi kumsikia akisema zaidi ya asante, siku askari wanakuja kuuliza maswali nyumbani anawajibu kwa Kiswahili kilichonyooka, na kwa vyeo vyao. Wajukuu wakitaka kujua alikipata wapi itabidi warudi kwenye vita vya msituni vya 1981 mpaka 1986, na huko kuna majirani ambao bado wako hai. Ukiandika hiyo, wilaya iache ya kweli na tarehe za vita ziwe sahihi, kijiji kitunge, majina ya mwenyekiti na ya shule yatunge, na kabla hujaandika hata mstari mmoja nenda ukakae na wazee wa kule, uwasikilize wanachoamua kukuambia.